Washiriki 25, ruta moja ya laini ya simu: tuandaeje siku ya kuhariri Wikipedia?

mratibu_klabu (mleta mada)

Wadau, habari za kazi.

Tunaandaa siku moja ya kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, kama saa sita za kazi. Washiriki ni 25, karibu wote wapya kabisa. Kompyuta mpakato zipo nane, waliobaki watatumia simu zao. Mtandao ni ruta moja ya 4G, laini moja, bando la GB 10. Nikipima kasi napata kama Mbps 8 kupakua na Mbps 1 kupakia. Umeme upo ila hukatika bila taarifa.

Naomba mnisaidie haya. Bando hilo linawatosha wote? Nimefikiria kuweka Squid, programu ya kuhifadhi nakala za kurasa, kwenye kompyuta moja ili ukurasa ukishafunguliwa na mmoja, wengine waupate bila kula data tena.

Nimesikia pia kwamba watu wengi wakitumia laini moja, Wikipedia huwagomea kufungua akaunti, na wakati mwingine hata kuhariri. Kinga yake ni nini?

Na je, zipo kazi za maarifa huria ambazo mtu anaweza kuzifanya mtandao ukiwa haupo, akatuma baadaye?

---

fundi_mawimbi

Mkuu, anza kwa kuiacha Squid. Wikipedia ilihamia HTTPS kwa kurasa zote mwaka 2015. Mawasiliano yakishafichwa kati ya kivinjari na seva yao, Squid iliyokaa katikati haioni ndani, inapitisha tu, kwa hiyo haina cha kuhifadhi. Kuilazimisha ione ndani kunakutaka uweke cheti chako kwenye simu ya kila mshiriki. Usimfanyie mtu hivyo, maana hapo utakuwa na uwezo wa kusoma hata nenosiri lake.

Kuhusu bando, kuhariri kwenyewe hakuli kitu. Aya ya maneno 300 ya Kiswahili ni kama KB 2. Kinachokula ni kufungua kurasa na picha zake, pamoja na kile kihariri kinachopakuliwa kwenye kivinjari mara ya kwanza. Tufanye makadirio mapana: kila mtu afungue kurasa 60, kila ukurasa MB 1. Hiyo ni MB 60 kwa mtu, GB 1.5 kwa watu 25. Bado una GB 8 na ushee.

Sasa kwa nini mabando ya namna hii huisha kabla ya saa sita mchana? Kwa sababu simu 25 zikiona Wi-Fi zinaanza kazi zake zenyewe: kusasisha programu, kutuma nakala za picha kwenye wingu, kupakua video za makundi. Sasisho moja la mfumo wa simu au la Windows linaweza kupita GB 1. Vifaa vichache vya hivyo na bando limekwisha. Tena njia yako ya kupakia ni Mbps 1 tu. Simu moja inayotuma picha wingu inatosha kufanya kurasa za wote zizunguke bila kufunguka, kwa kuwa hata ombi la kufungua ukurasa linapita njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mweke mtu mmoja wa kuunganisha vifaa, na nenosiri la Wi-Fi lisibandikwe ukutani. Kila kifaa kikishaunganishwa, hapo hapo aingie kwenye mipangilio ya mtandao huo na kuchagua kwamba ni mtandao unaopimwa matumizi. Android wanayo, Windows wanayo, na kwenye iPhone kuna hali ya kupunguza data kwa kila Wi-Fi. Masasisho mengi na nakala za wingu husimama. Kama ruta inaruhusu kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, weka kupakia kbps 128 kwa wote isipokuwa kompyuta moja utakayoitenga kwa picha. Na soma maelezo ya ruta uone inapokea vifaa vingapi kwa wakati mmoja. Vile vidogo vya mfukoni vingi vinaishia kama 10. Anayezidi anabaki anasubiri anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) isiyokuja, na nyote mtadhani nenosiri limekosewa.

Hatua itakayokusaidia kuliko zote ni hii: kusoma kufanyike nje ya intaneti, bando libaki la kutuma tu. Pakua Wikipedia nzima ya Kiswahili kama faili moja la ZIM na ulifungue kwa Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Majina ya mafaili yatakuongoza: lenye neno maxi lina picha zote, nopic ni maandishi matupu, mini ni utangulizi wa kila makala tu. La Kiswahili ni jepesi. La Kiingereza lenye picha linapita GB 100, kwa hiyo kama mnalihitaji kwa kutafsiri chukueni nopic. Pakua siku kadhaa kabla kwa torenti au kwa programu inayoweza kuendelea ilipoishia, kisha linganisha alama ya SHA-256 (mfululizo wa herufi na namba unaothibitisha kwamba faili limefika zima) na ile ya kwenye tovuti. Faili lililokosea kidogo hufunguka vizuri tu, halafu likagoma katikati ya kazi kwenye makala moja. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Fomati kwa exFAT.

Kiwix ya kompyuta ina seva ndani yake. Iwashe kwenye kompyuta moja, uipe bandari 8080, na simu zote zifungue anwani ya kompyuta hiyo, mfano http://192.168.1.20:8080. Mambo matatu huharibu hapa. Ukuta wa moto wa Windows huzuia bandari hiyo mpaka uruhusu kwenye mtandao wa faragha. Ruta hubadilisha anwani ya kompyuta ikiwashwa upya, basi ifunge anwani hiyo kwenye mipangilio ya DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani. Na intaneti ikikatika, simu huona Wi-Fi haina intaneti ikahamia data yake yenyewe kimyakimya, na ukurasa wa Kiwix ukapotea ingawa kompyuta iko palepale. Mshiriki akubali ujumbe wa kubaki kwenye Wi-Fi hiyo, au azime data ya simu.

Wanaotaka Kiwix ndani ya simu wasichukue ile ya Play Store kama faili la ZIM litatoka kwenye flashi. Toleo hilo limezuiwa kusoma moja kwa moja mafaili yaliyoko kwenye hifadhi ya simu. Chukua APK (faili la kusakinisha programu) kwenye tovuti ya Kiwix yenyewe.

---

mhariri_wa_zamu

Nijibu la akaunti. Ulichosikia ni vitu viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya.

La kwanza ni ukomo wa akaunti mpya. Seva za Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia na miradi dada, huruhusu akaunti 6 kwa anwani moja ya IP ndani ya saa 24. Watu 25 nyuma ya ruta moja ni anwani moja, kwa hiyo wa saba anakwama. Tena laini nyingi za simu hazina anwani ya umma ya peke yake. Anwani za IPv4 ni chache, basi kampuni ya simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na nafasi zako 6 huenda zimeshachukuliwa na watu msiojuana.

Dawa rahisi: kila mshiriki afungue akaunti wiki moja kabla, kwa laini yake mwenyewe. Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Akaunti mpya kabisa ikiongeza kiungo cha tovuti, mfumo hudai kwanza mtu asome herufi zilizopindwa kwenye picha. Kwenye mtandao dhaifu picha hiyo haifunguki, na mtu aliyekuwa anaweka marejeo vizuri kabisa anashindwa kuchapisha. Akaunti ikitimiza siku 4 huwa imeshathibitishwa yenyewe na sharti hilo linaondoka. Baadhi ya Wikipedia za lugha nyingine hudai na maharirio pia. Ya Kiingereza inataka siku 4 na maharirio 10.

Kwa watakaochelewa, kusanya majina ya mtumiaji na barua pepe zao, umpe mkabidhi (msimamizi) wa Wikipedia ya Kiswahili au mtu mwenye haki ya kuunda akaunti. Yeye hafungwi na ukomo wa 6, na nenosiri la muda humfikia mshiriki kwa barua pepe. Ipo pia njia ya kuomba ukomo uinuliwe kwa siku ya tukio kupitia Phabricator, tovuti ambako mafundi wa Wikimedia hupokea maombi. Ombi liende angalau wiki moja kabla, likiwa na anwani ya IP ya umma, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mradi husika na idadi ya watu. Njia hii inafaa sana penye laini ya kudumu yenye anwani isiyobadilika. Kwa ruta ya laini ya simu anwani ya leo si ya kesho, hivyo usiitegemee peke yake.

Kuhariri bila akaunti hakukwepi tatizo. Siku hizi mtu huyo hupewa akaunti ya muda inayokwisha baada ya siku 90, nayo inahesabiwa kwa anwani vilevile.

La pili ni kizuizi cha anwani yenyewe, na hili ndilo linaloniuma. Wasimamizi hufunga masafa mazima ya anwani yaliyotumiwa na waharibifu au yanayoonekana kama proksi, yaani seva ya kati inayoficha anwani halisi ya mtu. Penye anwani chache zinazogawanywa na maelfu ya wateja, mharibifu mmoja anawafungia mlango wote. Vizuizi vingine vinamgusa hata aliyeingia kwa akaunti yake. Mtu amejitolea kwa mara ya kwanza, anakutana na ujumbe unaomwambia anatumia proksi asiyowahi kuisikia, anafunga simu na harudi tena. Kwa maoni yangu tunapoteza wahariri wengi hapo kuliko kwenye bei ya data. Mpango wa Wikipedia Zero, ulioanza 2012 ukafungwa 2018, uliondoa gharama ya data kwa wateja wa kampuni zilizoshiriki, lakini ukuta huu wa anwani ulikuwa jambo jingine kabisa.

Fanya hivi wiki moja kabla: weka laini ile ile kwenye ruta ile ile, ingia kwa akaunti ya kawaida isiyo ya mkabidhi, bonyeza hariri. Zima ruta, iwashe upate anwani nyingine, jaribu tena mara kadhaa. Ukizuiwa, usifunge ujumbe. Nakili namba ya kizuizi, anwani inayoonyeshwa, na jina la aliyezuia. Bila hizo hakuna atakayeweza kukusaidia haraka. Kisha omba msamaha wa kizuizi cha IP kwa akaunti za washiriki. Mkabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili anaweza kuutoa kwa Wikipedia hiyo tu. Ukitaka ufanye kazi na Commons (hazina ya picha huria) na Wikidata (hazina ya data huria) pia, ombi liende Meta-Wiki, tovuti ya uratibu, kwa mastiwadi, wale wenye mamlaka juu ya miradi yote ya Wikimedia.

Waambie pia washiriki wazime VPN na hali ya kubana data kwenye vivinjari kama Opera Mini. Hali hiyo hupitisha kila kitu kwenye seva za kampuni ya kivinjari, na Wikipedia inaweza kuona proksi badala ya mtu.

---

bando_tu

Mbona mnazungusha? Ongeza GB 20, mambo yaishe.

---

fundi_mawimbi

GB 20 hazifungui anwani iliyozuiwa, hazizidishi Mbps 1 ya kupakia, na simu zisipodhibitiwa zitazila hizo pia. Akiba ni jambo jema, lakini iwe kwenye laini ya kampuni nyingine. Hapo unapata mnara mwingine na anwani nyingine kwa pamoja.

Kitu kimoja cha haki: tukiwaomba watu wafungue akaunti nyumbani kwa data yao, tuwarudishie. Lengo la Tume ya Broadband (intaneti ya kasi) ya Umoja wa Mataifa, lililotangazwa 2018 kwa nchi zinazoendelea, lilikuwa kwamba kufikia 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la taifa kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa mshiriki ambaye bado yuko mbali na kipimo hicho, hata MB 50 ni ombi zito.

---

picha_huru

Nizungumzie picha, maana ndizo zitakazowakwamisha.

Picha ya simu ya kawaida ni MB 4 au 5. Kwa Mbps 1 ya kupakia, MB 5 ni megabiti 40, yaani sekunde 40 kama hakuna mwingine yeyote anayetumia. Watu kumi, picha tatu kila mmoja, ni MB 150: dakika 20 za njia nzima, na kiuhalisia mara mbili ya hapo. Kwa hiyo siku hiyo fundisheni hatua zote kwa picha moja tu kwa kila mtu, nyingine zipakiwe usiku au baadaye. Msizipunguze ukubwa ovyo. Commons inataka nakala halisi, na picha ya pikseli 800 leo haitachapishika kwenye kitabu cha shule kesho. Kama hapana budi, upana usishuke chini ya pikseli 2000.

Kosa kubwa ni namna watu wanavyohamisha picha kutoka simu hadi kompyuta. Wanazituma kwa programu ya ujumbe. Programu hizo huikandamiza picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake: tarehe, saa, aina ya kamera. Mkaguzi wa Commons akiona picha ndogo isiyo na taarifa hizo, iliyopakiwa na akaunti ya juzi, anashuku imeokotwa mtandaoni na anaiwekea ombi la kufutwa. Tumia waya wa USB au kadi ya kumbukumbu. Kama ni lazima programu ya ujumbe, itumwe kama hati, si kama picha.

Kila mtu apakie zake kwa akaunti yake. Ukikusanya za wote kwenye akaunti ya mratibu, yeye anakuwa anatangaza kwamba ndiye mwenye kazi hizo, na leseni inakuwa imetolewa na asiye na haki ya kuitoa. Kipakiaji cha Commons hupokea picha 50 kwa mkupuo, lakini kwenye mtandao wenu msizidishe tano. Ikikatika katikati, ni rahisi kujua ipi imefika.

---

mratibu_klabu

Nashukuru sana, hii ya picha sikuijua kabisa. Na umeme? Kompyuta zina betri zake, ruta haina. Mtu ameniambia niweke Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa ajili ya Kiwix badala ya kompyuta.

---

fundi_mawimbi

Kwa siku moja kompyuta inatosha, na betri yake ndiyo akiba yake. Pi ina maana kama Kiwix itabaki hapo mwaka mzima.

Ruta: soma nyuma ya chaja yake. Nyingi ni volti 12, na matumizi halisi ni kama wati 6. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, ni wati-saa 84. Usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 42, yaani saa saba za ruta. Unganisha moja kwa moja bila inveta, kwa sababu inveta ndogo hula wati kadhaa za bure. Ila usiunganishe ruta huku betri inachajiwa. Volti hupanda hadi 14 na zaidi, na si kila ruta inavumilia. Weka kidhibiti cha volti 12 katikati, au chaji usiku na kuchomoa asubuhi. Weka na fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na kichwa cha betri.

Ukija kuchukua Pi 4, ipe volti 5 na ampea 3 kamili. Chaja ya simu na waya mwembamba hushusha volti, na umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi ya kumbukumbu huharibika. Iwe na kadi ya pili iliyonakiliwa tayari. Redio ya Wi-Fi ya ndani ya Pi hulemewa wakizidi watu kumi hivi. Iunganishe kwa kebo kwenye ruta ile ile na uiache ruta igawe mawimbi.

---

ramani_mkononi

Lile swali la kazi za nje ya mtandao halijaguswa. Jibu fupi: OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Zana zake za simu zimejengwa zikijua kwamba mtandao haupo.

StreetComplete ni ya anayeanza. Ukiwa na intaneti unapakua eneo lenu. Ukiwa nje inakuuliza maswali kwenye ramani: barabara hii ina lami au vumbi, jengo hili lina ghorofa ngapi, kisima hiki kinatoa maji ya kunywa. Majibu hukaa kwenye simu. Zima kutuma kiotomatiki kwenye mipangilio, kisha jioni bonyeza kutuma. Majibu ya siku nzima ya mtu mmoja ni mepesi kuliko picha moja.

Vespucci ni kihariri kamili cha Android. Unapakua data ya eneo, na picha za satelaiti unaziweka mapema kama faili la MBTiles. Ndani yake unaweza kuchora nyumba na njia bila laini kabisa. Kwenye kompyuta tumia JOSM: pakua eneo, hifadhi kama faili la .osm, fanya kazi siku nzima. Upakuaji mmoja hauruhusiwi kuzidi nodi (nukta za ramani) 50,000 au eneo la nyuzi-mraba 0.25. Penye majengo mengi utagonga ukomo wa nodi kwanza, kwa hiyo kata eneo vipande.

Hatari iko kwenye kutuma. Ukituma mabadiliko 3,000 kwa mkupuo na mtandao ukakatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya jibu kurudi, JOSM haijui kwamba yamefika. Ukibonyeza tena, kila nyumba inaingia mara mbili, moja juu ya nyingine, na kusafisha ni kazi kubwa kuliko kuchora. Kwenye dirisha la kutuma chagua vipande vya 500. Ukikatika, kabla ya kurudia fungua historia ya mabadiliko yako kwenye tovuti ya OpenStreetMap. Ukikuta kipande kimefika, pakua eneo upya na ulinganishe na faili lako kwanza.

Gawanyeni eneo kwa watu: mtaa mmoja, mtu mmoja. Wawili wakigusa kitu kimoja wakiwa nje ya mtandao, wa pili kutuma anapata mgongano, na mgeni hajui kuutatua.

Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za wasemaji, nayo ni kazi nzuri kwa Kiswahili (sentensi fupi tano unazisoma kisha unatuma), ila inataka mtandao na chumba kimya. Kwa watu 25 chumba kimoja, hapana.

---

mkutubi

Nami niongeze jambo la marejeo, kwa sababu makala nyingi za siku kama hizi hufutwa kwa kukosa vyanzo hata kama zimeandikwa vizuri.

Utafutaji wa vyanzo siku yenyewe ndio unaokula data na muda. Fanya kabla. Chagua mada 30, kwa kila mada andaa bahasha yenye kurasa mbili tatu za vitabu au magazeti zilizotolewa fotokopi, na nyuma ya kila karatasi andika mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na namba ya ukurasa. Kitabu cha karatasi ni rejeo kamili. Hakihitaji kiungo, kwa hiyo hata zile herufi zilizopindwa hazitokei. Mada isiyopata vyanzo viwili huru muiache, haijafika wakati wake.

Maktaba ya Wikipedia inafungua majarida ya kulipia bure, lakini inataka akaunti yenye miezi 6, maharirio 500, na angalau 10 katika siku 30 zilizopita, isiyo na kizuizi. Wapya wenu hawatafika hapo, mratibu au mkufunzi huenda amefika. Asome na kunukuu maelezo ya rejeo. Asigawe mafaili yenyewe kwa watu 25, masharti hayaruhusu.

---

mratibu_klabu

Bahasha tunaanza kuzitengeneza wiki hii. Swali la mwisho: pamoja na maandalizi yote, siku hiyo tukikuta anwani imezuiwa, tufanye nini papo hapo? Na waandike wapi mtandao ukiyumba?

---

mhariri_wa_zamu

Waandike kwenye programu ya madaftari au kihariri cha maandishi matupu, si ndani ya kivinjari. Epuka programu za ofisi zinazobadilisha alama ya ritifaa: [[Ng'ombe]] yenye ritifaa nyoofu ni kiungo kinachofika, yenye ritifaa iliyopinda ni kiungo chekundu. Kila mtu na makala yake, na ahariri sehemu moja moja kwa Hariri chanzo. Ni nyepesi kuliko kihariri cha kuona, hasa kwenye simu za zamani. Achapishe kila aya, asingoje makala ikamilike. Ujumbe ukisema data ya kipindi imepotea, asipakie ukurasa upya. Anakili maandishi yake kwanza, kisha abonyeze kuchapisha mara ya pili. Mara nyingi hupita.

Mkizuiwa siku hiyo: zima ruta dakika mbili, iwashe, jaribu. Ikishindikana, weka laini ya kampuni nyingine. Ikishindikana tena, mpigie mkabidhi mliyepatana naye mapema kwamba saa hizo atakuwa mtandaoni. Anaweza kutoa msamaha kwa akaunti 25 kutoka kwenye orodha mliyompa, au kuzima kwa Wikipedia ya Kiswahili pekee kizuizi kilichowekwa kwa miradi yote ya Wikimedia. Kama hujapatana na mkabidhi, fanya hivyo wiki hii.

Wakati mnangoja, kazi iendelee kwenye mafaili. Kila faili lipewe jina la makala na jina la mtumiaji. Msikubali mtu mmoja mwenye laini nzuri awabandikie wote kwa akaunti yake. Historia ya ukurasa itamtaja yeye peke yake, na makala 25 kutoka akaunti moja ndani ya dakika kumi zitaonekana kazi ya roboti. Kama hakuna njia nyingine kabisa, aweke makala moja moja kwa kuachana dakika kadhaa, na kwenye muhtasari wa kila haririo ataje jina la mtumiaji aliyeandika.